Kastelorizo, 1941: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Wengi wanaosimulia uvamizi wa Waingereza katika kisiwa cha Kastelorizo, karibu na pwani ya Uturuki, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, husema kwamba wavamizi walizuiwa ufukweni. Sivyo. Alfajiri ya tarehe 25 Februari 1941, makomando wapatao 200 waliteremka kutoka manowari Decoy na Hereward, kikosi kidogo cha wanamaji kikateremka kutoka mashua ya kivita Ladybird, na kambi ndogo ya Waitalia ikatekwa bila taabu kubwa. Wakazi, ambao wengi wao walikuwa Wagiriki, waliwalaki kwa furaha. Kukitwaa kisiwa hakukuwashinda. Kilichowashinda ni kukishikilia.

Sababu yake hutajwa kuwa uoga wa makomando, na hilo naliona kuwa dhuluma kwao. Kabla kituo cha redio hakijatekwa, Waitalia waliwahi kupeleka habari Rhodes, kisiwa kingine kilichokuwa mikononi mwao, na ndege zao zikafika siku hiyohiyo. Ladybird ilipigwa bomu na, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakiiishia, ikaondoka pamoja na wanamaji wake, ilhali ndiyo iliyokuwa ikiwaunganisha makomando na makao makuu ya Alexandria, Misri, kwa redio. Watu waliochukua chakula cha siku moja tu, wakitarajia kupokewa zamu karibuni, wakabaki bila njia ya kuita msaada, na meli iliyobeba askari wa kuwapokea ikaelekezwa Alexandria kabla haijafika.

Wapo pia wanaodhani kwamba Wajerumani ndio waliowashinda. Kazi hiyo ilifanywa na Waitalia, ambao wanamaji wao hudharauliwa mno katika masimulizi ya vita hivi: manowari zao, Lupo ikiwemo, zilipiga mizinga na kushusha askari, hadi makomando wakasukumwa upande wa makaburi. Kufikia tarehe 28 makomando wengi walikuwa wameokolewa na manowari za Kiingereza. Walioachwa nyuma walitekwa.

Vilevile si kweli kwamba Waingereza walikuwa wakiirudishia Ugiriki kisiwa kilichotoka kuporwa. Kastelorizo kilikuwa mikononi mwa Italia tangu miaka ya 1920, na Waingereza walikitaka kiwe kituo cha boti zao za kivita karibu na Rhodes. Wakazi walioshangilia ufukweni walirudi chini ya utawala uleule hadi Septemba 1943, Italia iliposalimu amri, na Ugiriki ikakabidhiwa kisiwa hicho kwa mkataba wa 1947.