"Nadharia tu" si kubahatisha
Wengi tumezoea kusema "hiyo ni nadharia tu," tukimaanisha makisio. Si ajabu, mitaani neno hilo ndivyo linavyotumika. Katika fizikia, nadharia ni hesabu inayokubali kupimwa, hata ikibidi ionekane ni kosa. Mwaka 1922 mwanafizikia mmoja wa Petrograd (leo St. Petersburg), Urusi, Alexander Friedmann, alionyesha kwa milinganyo kwamba ulimwengu waweza kutanuka. Wala hakuwa mtu wa mezani tu: Julai 1925 alipaa kwa puto hadi mita 7,400! Septemba akafariki, akiwa na miaka 37. Vipimo vya galaksi (makundi makubwa ya nyota) vilivyomuunga mkono vilichapishwa 1929. Ukitaka kuhakiki dai kama hili, fungua ensaiklopidia mbili, utazame kipi kilitangulia: hesabu au vipimo.