DC ilipoanza upya: yanayosemwa vijiweni Mbeya na yaliyotokea

Umeme ukikatika kwenye vibanda vya muvi pale Mwanjelwa, mabishano ya mashujaa huwa hayakosi, na kuna kauli moja haichoki kurudi: mwaka 2011 DC, kampuni ya Marekani ya majarida ya katuni za Superman na Batman, ilifuta kila kitu cha nyuma katika hadithi zake ikaanza moja.

Ingefuta kila kitu, ingekuwa afadhali. Ilifuta nusunusu. Baada ya Flashpoint, kisa ambacho historia ya mashujaa ilibadilishwa, kampuni ilitoa majarida 52, yote yakianzia toleo namba 1, hata Action Comics, jarida la Superman, iliyokwishafika 904. Superman akarudishwa ujanani, ndoa yake na Lois Lane ya mwaka 1996 ikayeyuka. Lakini Batman na Green Lantern, ambao walikuwa wanauza, waliachiwa karibu historia yao yote. Hapohapo tukaambiwa mashujaa wamejulikana kwa miaka mitano tu. Sasa piga hesabu: Batman amekwisha kulea Robin (msaidizi wake kijana) wanne, na wa nne, Damian, ni mtoto wake wa kumzaa, mwenye miaka kumi. Ili hesabu ikae sawa, wengine walitupwa nje. Wally West, aliyekuwa Flash, shujaa wa mbio, kwa zaidi ya miaka 20, hakuonekana hadi alipokuja mwingine wa jina hilo 2014. Yule wa zamani alirudi 2016.

Kwamba matoleo ya zamani ndiyo basi tena, si kweli. Yanaendelea kuchapwa, na mwaka huohuo wa 2016 Action Comics ilirudia hesabu yake kwa namba 957.

Wapo pia wanaosema Barbara Gordon, Batgirl wa zamani, kusimama tena ilikuwa heri tupu. Barbara alipigwa risasi na Joker, adui wa Batman, mwaka 1988, akabaki kwenye kiti cha magurudumu, na kwa jina la Oracle akawa ubongo wa mashujaa wote wa Gotham, mji wa Batman. Wasomaji wenye ulemavu walikuwa na mtu wao. Kumrudishia vazi la Batgirl kulimwondoa Oracle, na kuliwaweka kando Cassandra Cain na Stephanie Brown, wasichana waliokwisha kulivaa vazi hilo na kulitendea haki.

Dhana inayoniudhi hasa ni hii: shujaa wa Kiafrika alijaribiwa, hakuuzika.

Alijaribiwaje? Kati ya yale majarida 52 lilikuwemo Batwing. Shujaa wake, David Zavimbe, ni askari polisi wa Tinasha, mji wa kubuni nchini Kongo, hiyohiyo Kongo ambayo malori yake yanapita Uyole kila siku kuelekea Tunduma. Utotoni alishikishwa bunduki vitani. Ukubwani anafanya kazi katika kituo kilichooza kwa rushwa. Humo pia lilitajwa kundi zima la mashujaa wa Afrika, The Kingdom. Hapo palikuwa na hadithi za miaka kumi! Badala yake kundi hilo lililetwa ili muuaji aitwaye Massacre awamalize mmoja baada ya mwingine, kabla msomaji hajawazoea. Mwaka 2013, toleo la 19, David akavua vazi, akapewa Luke Fox, Mmarekani wa Gotham, mtoto wa bosi tajiri anayefanya kazi na Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe. Kongo ikaishia hapo.

Linganisha na Miles Morales, kijana mweusi wa Brooklyn aliyeletwa kama Spider-Man mpya na Marvel, wapinzani wa DC, Agosti 2011, mwezi mmoja tu kabla ya jarida la Batwing. Aliachwa mikononi mwa mwandishi mmoja, Brian Michael Bendis, kwa miaka mingi. Ulimwengu wa hadithi alimoanzia, uliokuwa kando na ule mkuu wa Marvel, ulipofungwa mwaka 2015, hawakumfungia humo: walimhamishia ulimwengu mkuu, na mama yake aliyekuwa amekufa akarudishwa. David, ndani ya matoleo 19, alibadilishiwa waandishi mara mbili. Aliyepewa muda ameuzika hadi kwenye sinema, na mabegi ya shule yenye sura ya Spider-Man huyo tunayaona. Huyo wa Kongo hakupewa.