Gasketi ya Tapeti Ikivuja, Mipira ya Rejeta Nayo Huharibika

Gari linapochemsha katika mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, dereva hufungua boneti, huuona mpira wa rejeta uliopasuka, hutafuta mwingine, hujaza maji na kuendelea na safari. Kwa gari la umri mkubwa, mara nyingi mpira huo haukupasuka kwa uzee peke yake, bali ulikuwa umelainishwa kwa miezi kadhaa na oili iliyokuwa ikidondoka kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha tapeti, yaani kile kifuniko cha juu ya injini. Kwa kuwa gasketi haikuguswa, mpira mpya nao huanza kuliwa siku ileile unapofungwa. Mimi ni mkufunzi wa ufundi wa magari katika chuo cha ufundi stadi, na jambo ninalosisitiza kwa wanafunzi wangu, na leo kwa wenye magari, ni kwamba uvujaji wa oili na uchakavu wa mipira ya kulanti (maji ya kupozea injini yanayopita kwenye rejeta) vishughulikiwe pamoja, kwa kuanza na oili.

Mipira ya kulanti ya magari mengi hutengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, ambao unavumilia vizuri joto, mvuke na kulanti, lakini hauwezi kustahimili oili ya injini. Ukilowa oili, huifyonza, huvimba na kulegea hasa karibu na klampu. Mwaka jana nilipasua kwa wembe mpira mmoja wa hita uliotolewa kwenye gari dogo la abiria. Katikati ulikuwa bado mgumu na wenye afya, ila kwenye sentimita 4 za mwisho, palipokuwa pakidondokewa na oili, ulibonyea kwa kidole kama andazi lililolowa chai, na alama ya klampu ilikuwa imezama karibu nusu ya unene wake. Aliyeutazama kwa juu tu bila kuugusa angesema ni mzima. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa mpira hufanywa kwa vidole, injini ikiwa imepoa: bonyeza katikati, kisha bonyeza karibu na klampu, halafu linganisha.

Watu wengi hudhani kwamba mpira wenye ufa mdogo unapoteza maji kidogo tu, na kwamba kuongeza maji kila asubuhi kunatosha. Kinachopotea kwanza ni mgandamizo. Mfuniko wa rejeta wa magari mengi hushikilia ndani mgandamizo wa takriban bar 0.9 hadi 1.1 ili kulanti isichemke mapema. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale Dar es Salaam, na kwa takriban nyuzi 95 Iringa mjini, ambako ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mfumo uliofungwa vizuri husogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120. Kwa hiyo ufa unaotoa mvuke tu, bila hata tone kuonekana chini, unaweza kuifanya kulanti ichemke gari likiwa katikati ya mlima, na joto hilo ndilo linalopinda silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na kuunguza hedi gasketi iliyo chini yake.

Tuanze basi na oili. Kabla ya kununua gasketi yoyote, safisha injini iliyopoa, ikaushe, endesha gari siku mbili au tatu, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu mpya, kwa sababu oili hushuka kwa uzito wake na upepo wa safari huisukuma nyuma. Pahali palipo na shaka, nyunyiza poda ya mtoto. Oili itachora mstari wake juu ya weupe huo. Hatua hii huokoa fedha nyingi. Nimeona gari likishushwa gia boksi ili kubadilisha sili ya nyuma ya injini, ilhali oili ilikuwa inatoka juu kwenye tapeti na kuteremka taratibu hadi kwenye gia boksi.

Gasketi ya kifuniko cha tapeti hukauka kwa joto la miaka mingi na kuwa ngumu kama plastiki. Kuibadilisha si kazi kubwa, lakini inaharibiwa na mazoea mawili. La kwanza ni kupaka silikoni mzunguko mzima. Silikoni inayozidi huchomoza ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo vikifika kwenye chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, injini hukosa oili. Gasketi ya mpira hufungwa kavu, juu ya uso uliosafishwa vizuri. Silikoni huwekwa kama tone dogo tu pale mtengenezaji anapoelekeza, kwa kawaida kwenye maungio ya silinda hedi na kava la timing cheni. La pili ni kukaza kwa nguvu zote ili isivuje tena. Boliti hizi ni ndogo, na katika injini nyingi ndogo za Toyota hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 10, nguvu ya kifundo cha mkono na si ya bega. Anza katikati ukielekea pembeni, kwa mizunguko miwili.

Ikiwa gasketi mpya imevuja ndani ya muda mfupi, usiilaumu kabla hujakagua vali ya PCV, yaani kidude kidogo kinachoipumulisha injini. Kikiziba kwa masizi, hewa chafu inayopenya kwenye ringi za pistoni hukosa njia na kuisukuma oili nje kupitia gasketi na sili zilizo dhaifu. Katika injini nyingi, vali nzima hulia ikitikiswa. Bei yake ni ndogo, nami sioni sababu ya kufunga gasketi mpya bila kuigusa.

Oili ikishazibwa na injini kufutwa, ndipo mipira ibadilishwe, ule wa juu, wa chini na ya hita kwa pamoja, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Injini iwe imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi kwa hali yoyote, maana maji yake huruka na kuunguza uso na mikono. Mpira ulioganda usizungushwe kwa koleo, kwani shingo ya rejeta nyingi za sasa ni ya plastiki na huvunjika. Uchane kwa urefu na uumenye. Kwangua ukoko mweupe kwenye shingo, paka kulanti kidogo kwa ajili ya utelezi, na kamwe usitumie grisi wala oili. Klampu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, si juu yake. Klampu za springi zilizotoka na gari zirudishwe ikiwa bado zina nguvu, kwa kuwa huufuata mpira unapotanuka na kusinyaa.

Jaza kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Soma lebo, kwa sababu chupa zenye asidi na zisizo nayo hukaa rafu moja dukani. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko uleule uliotoka kuukwangua. Washa hita hadi mwisho, acha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi hadi mapovu yaishe na mpira wa chini upate joto, ongeza kulanti, funga mfuniko. Kulanti ya zamani ikingwe kwenye ndoo na kufunikwa: nyingi ina ladha tamu, ni sumu, na mbwa au mtoto anaweza kuinywa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha gari, angalia kiwango kwenye chupa ya akiba, pitisha kidole kavu chini ya kila klampu na kwenye ukingo wote wa kifuniko cha tapeti, kisha rudia baada ya safari ya kwanza ndefu.