Niliwahi kutumia unga: nimwambie daktari kabla ya upasuaji?

Nimeacha heroini miaka mitatu sasa. Kuna haja gani ya kufukua yaliyopita?

Ipo, tena kubwa. Mwili uliokaa muda bila unga hauhimili tena dozi uliyoizoea zamani. Dawa kali za jamii ya mofini zinaweza kukukatisha pumzi. Na hata dozi ndogo inaweza kuamsha hamu uliyopigana nayo miaka yote hiyo.

Wakijua, si wataniacha nigugumie kwa maumivu?

Hofu hiyo naielewa, maana wapo walioitwa mateja mbele ya wodi nzima. Lakini kukunyima dawa ni kosa la kitabibu: maumivu yasiyotulizwa nayo humrudisha mtu kijiweni. Ipo parasetamoli, ipo diklofenaki kama figo na tumbo ni salama, ipo sindano ya ganzi. Hata mofini hutolewa, kwa uangalizi.

Nakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, kila asubuhi. Haitoshi kutuliza maumivu?

Haitoshi. Dozi moja huzuia arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, siku nzima, ila maumivu huyatuliza kwa saa 4 hadi 8 tu. Usiiache. Wodi iwasiliane na kliniki yako, iwe Muhimbili ilikoanza huduma hii mwaka 2011 au kwingineko, ithibitishe dozi na siku uliyokunywa mara ya mwisho. Wasipojua wanaweza kukuchoma pentazosini, dawa ya maumivu inayopingana na methadoni, na arosto ikakushukia ghafla.

Nikishamwambia daktari mmoja, imetosha?

Hapa ndipo watu wanapofia. Jessica Grubb, Mmarekani aliyekuwa ameacha heroini, alifanyiwa upasuaji huko Michigan mwaka 2016. Yeye na wazazi wake walisema wazi kuhusu uraibu wake, na likaandikwa kwenye faili. Daktari aliyemruhusu hakujua. Akamwandikia vidonge 50 vya oksikodoni, dawa kali ya jamii ya mofini. Akafariki usiku huohuo. Mwaka 2018 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake, ili historia ya uraibu ionekane wazi kwenye rekodi, mgonjwa akiridhia.

Siri ni yako, ila ukishaamua kuitoa, omba iandikwe mwanzo wa faili, pale panapoandikwa mzio. Siku ya kuruhusiwa, kabla hujapokea bahasha ya dawa, uliza: "Humu kuna dawa ya jamii ya mofini?" Kama ipo, omba ya siku chache, na akutunzie mtu wa nyumbani unayemwamini.