Wahadhiri wakigoma, tarehe za usajili hazigomi

Kila taarifa ya mgomo wa wahadhiri inaposambaa kwenye makundi ya WhatsApp, foleni kwenye dirisha letu la ofisi ya msajili wa masomo hurefuka na maswali huwa yaleyale. Tulipe ada au tusubiri? Twende nyumbani? Muhula utafutwa? Makala haya yanawahusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma vya Uganda pamoja na wazazi wao. Nani ana haki katika mvutano wa mishahara ni suala lenye wenyewe, na Ibara ya 40 ya Katiba inampa mfanyakazi haki ya kusitisha kazi kwa kufuata sheria. Hapa tunazungumzia mwanafunzi tu.

Kwanza tenganisheni mgomo na kufungwa kwa chuo. Wahadhiri wakigoma, madarasa husimama, lakini ofisi ya msajili, ya fedha, maktaba na mabweni huendelea, isipokuwa wafanyakazi wasiofundisha nao wawe wamejiunga. Chuo kikifungwa, kila mtu hutoka. Mfano unaokumbukwa ni Makerere: tarehe 1 Novemba 2016 Rais Museveni aliagiza kifungwe wakati wahadhiri wakidai malimbikizo ya posho na wanafunzi wakiandamana, na kilifunguliwa tena tarehe 2 Januari 2017. Aliyeondoka na begi la nguo akaacha daftari na kadi ya kitambulisho bwenini alijuta. Mgomo ukitangazwa, vitu hivyo viwili vikae mfukoni na begani.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo hasara ilipo. Muhula wa kawaida una wiki 17: 15 za masomo na 2 za mitihani. Krediti moja ni saa 15 za mhadhara, kwa hiyo kozi ya krediti 3 ina saa 45, yaani saa 3 kwa wiki. Mwenye kozi tano za namna hiyo hupoteza saa 15 kwa kila wiki ya mgomo. Mgomo ukianza wiki ya nne na kuisha wiki ya sita, saa 45 zimekwenda na zimebaki wiki 9 za masomo. Zikisambazwa humo, kila wiki inaongezeka saa 5: Jumamosi asubuhi yote, au jioni mbili baada ya kazi kwa wanaosoma jioni. Hilo linabebeka. Mgomo wa wiki sita haubebeki kwa njia hiyo, na Seneti, chombo cha chuo kinachosimamia masomo na mitihani, hulazimika kusogeza kalenda. Kalenda ikisogea, kinacholiwa kwanza ni likizo, kisha kipindi cha mafunzo kazini cha Juni hadi Agosti. Kampuni iliyokupa nafasi kuanzia Juni haina habari na Seneti. Iandikie mapema kuomba tarehe ya pili.

Maabara ni shida nyingine kabisa. Saa mbili za maabara huhesabiwa kama saa moja ya mhadhara, hivyo krediti moja ya vitendo ni saa 30 za kusimama mezani. Mhadhara unaweza kuwekwa kwenye mfumo wa masomo ya mtandaoni ukausikiliza usiku. Meza za maabara haziongezeki kwa sababu kulikuwa na mgomo, na makundi yaliyokosa zamu yote yanazitaka wiki ileile. Wanaosoma udaktari wana mzigo zaidi, kwa kuwa wanaowafundisha wodini katika hospitali ya Mulago ni madaktari bingwa walewale walio kwenye orodha ya wahadhiri. Wapo pia wanaopata nusu ya masomo: wahadhiri wa sayansi waliongezewa mishahara kuliko wenzao wa sanaa, na mgomo unaotokana na pengo hilo unaweza kumwacha mwanafunzi wa ualimu wa sayansi akiwa na fizikia inayoendelea huku kozi zake za elimu zimelala. Nenda kwenye zinazoendelea. Mahudhurio yanahesabiwa, na vyuo vingi havimruhusu kufanya mtihani aliyehudhuria chini ya asilimia 75.

Tuje kwenye ada na usajili, jambo ambalo hatuelewi kwa nini linahitaji kurudiwa kila mwaka. Ada hailipwi kwa siku ya darasa. Inalipwa kwa muhula, na tarehe zake za mwisho zinabaki zilivyo hadi Seneti au Baraza la Chuo litangaze vinginevyo kwa maandishi yenye saini. Ujumbe wa kiongozi wa wanafunzi si tangazo. Sauti iliyorekodiwa na kusambazwa mara mia si tangazo. Utaratibu ni huu: toa namba ya malipo ya URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, lipa benki au kwa simu, hakikisha malipo yamesomeka kwenye akaunti, kisha chagua kozi na ukamilishe usajili. Kulipa bila kukamilisha usajili ni kosa tunaloliona kuliko mengine yote. Fedha zinaonekana, jina halionekani. Asiyesajiliwa hana kibali cha mtihani, na akipenya akaufanya, alama zake hazitambuliwi. Kusajiliwa kwa kuchelewa kunaombwa kwa barua kupitia mkuu wa idara, pamoja na risiti na sababu, na "kulikuwa na mgomo" haikubaliki kuwa sababu, kwani dirisha lilikuwa wazi.

Wapo wanaoamua kwa hasira kuchukua mwaka mfu, yaani kusimamisha masomo kwa mwaka mzima, na kudai warudishiwe fedha. Kiasi kinachorudishwa hushuka wiki baada ya wiki tangu muhula uanze, na baada ya wiki chache hakuna kitu. Tena kozi nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukiacha za muhula wa kwanza, utazikuta Agosti inayofuata, si Januari. Mgomo wa wiki tatu umekugharimu mwaka, na hapo aliyeupoteza ni wewe mwenyewe.

Mgomo mkali kuliko wote kwa mwaka wa mwisho hauonekani darasani: ni ule wa kutosahihisha au kuzuia alama. Alama hutoka kwa mhadhiri kwenda idara, kwa mtahini wa nje, kwenye bodi ya kitivo, kisha Seneti, ndipo jina liingie kwenye orodha ya mahafali. Kozi moja isiyo na alama inakwamisha jina lote. Bila idhini ya Seneti hatuwezi kutoa hata barua ya kuthibitisha umemaliza, na bila hiyo LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, haikupokei na anayetaka kuwa daktari wa mafunzo hasajiliwi. Msitutumie wajomba. Msajili hana alama kabatini.

Baada ya mgomo, usahihishaji hufanywa mbiombio na alama zinazopotea huongezeka. Kazi za muhula mara nyingi hubeba asilimia 40 ya kozi. Tunza kila jaribio lililorudishwa, piga picha ukurasa wenye alama, saini karatasi ya kukabidhi kazi kila unapowasilisha. Anayekuja na ushahidi huo hushughulikiwa kwa kujaza fomu idarani. Anayekuja na maelezo tu husubiri mhadhiri atafute, na akikosa, atarudia jaribio.

Kuhusu gharama za kuishi: mkopo wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu huenda moja kwa moja chuoni kwa ada, haulipi chakula wala malazi. Hosteli za Wandegeya na Kikoni, mitaa iliyo jirani na Makerere, zina mikataba yake, na tarehe ya kuhama iliyomo haibadiliki kwa sababu mtihani umesogezwa. Soma mkataba kabla ya kulipa salio, uombe wiki za ziada ziandikwe pamoja na bei yake.

Wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Sudan Kusini waangalie tarehe ya mwisho kwenye pasi ya mwanafunzi. Muhula ukisogea ng'ambo ya tarehe hiyo, maombi ya kuongeza muda yapelekwe Idara ya Uhamiaji kabla pasi haijaisha, yakiwa na barua ya chuo. Barua hiyo tunaitoa siku hiyohiyo, kwa aliyesajiliwa.