Geji ya kidijitali ya mzamiaji: yasemwayo na yaliyo kweli

"Tarakimu haziongopi." Zinaongopa. Geji hii hupima shinikizo la hewa iliyobaki mtungini, kwa bar. Nyuma ya kioo kuna sensa (kihisi cha shinikizo), saketi na betri, na sensa inaweza kupotoka kidogo kidogo miaka ikipita, bila skrini kuonesha dalili yoyote. Toa hewa yote kwenye regulata, kile kifaa cha kupumulia: geji isome 0. Kisha linganisha na geji nyingine kwenye mtungi uleule, mara moja ukiwa umejaa na mara nyingine ukikaribia bar 50. Kosa la bar 10 mtungi ukiwa umejaa si hoja. Kwenye 50 ni sehemu ya tano ya akiba yako.

"Jana ulijazwa 200, leo 189, basi geji mbovu." Geji haina kosa. Mtungi utokao kwenye kompresa huwa moto. Ukiwa na nyuzi 45 kisha ukapoa hadi 27, bar 200 hushuka hadi kama 189 bila hata pumzi moja kutoka. Ukishapoa na bado unashuka, hapo tafuta panapovuja.

Linaloudhi kuliko yote ni hili: "Una 50 bado, tumwangalie kasa kwanza." Bar ni shinikizo, si dakika. Kwenye mtungi wa lita 12, bar 50 ni lita 600. Anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye kina cha mita 20 atatumia 60, kwa kuwa shinikizo huko ni mara tatu. Hizo ni dakika 10, akiwa ametulia. Sasa mweke Misali, kisiwa cha jirani na Pemba, wakati wa bamvua, mkondo unavuta, mwenzake kaishiwa na wanapumua mtungi mmoja, kila mmoja lita 40 kwa hofu. Kwa kina hichohicho ni lita 240 kwa dakika: dakika mbili na nusu. Kupanda tu, kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, kunachukua dakika mbili na ushei, kabla ya zile dakika tatu za kusimama kwa usalama kwenye kina cha mita 5. Bar 50 ni hewa ya kufika nayo juu, wala si alama ya kuanza kupanda.

"Skrini ikionesha 200, vali iko wazi." Hata vali iliyofunguliwa robo mzunguko huonesha 200 mkiwa bado botini. Vuta pumzi nne ndefu huku ukiitazama namba. Ikishuka na kurudi, vali haijafunguka vizuri. Geji isiyo na mpira wa hewa, inayopokea namba kwa mawimbi kutoka transmita iliyofungwa kwenye regulata, hubadilisha namba baada ya sekunde kadhaa, kwa hiyo usiitupie jicho mara moja ukaridhika.

Na hiyo isiyo na mpira, ikipoteza mawimbi, haimaanishi hewa imekwisha. Mawimbi ya transmita hufika kama mita moja tu majini. Transmita ifunge upande wa mkono unaovaa kompyuta ya kuzamia, kwa spana na si kwa kushika mwili wake wa plastiki, wala usiufanye mpini wa kubebea regulata. Sisi tungebaki na geji ya mshale pembeni.

"Povu dogo shingoni mwa geji? Kaza." Kukaza hakusaidii kitu. Pale mpira unapoungana na geji kuna kijipini chenye oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mbili ndogo sana, nazo ndizo zilizochakaa. Funga mtungi, toa hewa yote, badilisha kijipini pamoja na oringi zake. Grisi ni ile ya vifaa vya kuzamia. Mafuta ya nazi na ya kupikia yakae jikoni, na penye oksijeni nyingi yanaweza kuwaka.

Kuimwagia maji kwa ndoo nako hakutoshi. Iloweke nusu saa, kifuniko cha vumbi cha regulata kikiwa kikavu na kimekazwa, na ugeuzegeuze shingo ya geji ili chumvi itoke. Baadhi ya visima vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu. Kausha pia vile vidoti vya chuma vinavyowasha geji ikigusa maji, maana vikibaki na unyevu itaendelea kuwaka usiku kucha na kumaliza betri.

Betri yenyewe ibadilishie chumbani, si kwenye boti. Punje moja ya mchanga kwenye oringi ya kifuniko inatosha kuingiza maji. Ukimaliza, izamishe kwenye glasi ya maji dakika chache. Ukiona povu, itoe na ufungue upya kabla maji hayajafika kwenye saketi.