"Mwenzangu atafanya kazi huko": tuelewane kabla hamjauza kiwanja

Jumanne iliyopita nimeisikia mara mbili. Asubuhi alikuja tabibu mmoja kutoka Kibaigwa, mwenye mke na watoto wawili, amepata nafasi ya kusomea udaktari China. Jioni akaja binti wa Nkuhungu anayekwenda India, mumewe ni fundi magari. Hawafahamiani, lakini mpango wao ni mmoja: ada ya mwaka wa kwanza ipo, tunauza kiwanja, kuanzia mwaka wa pili mwenzangu atakuwa anafanya kazi huko, tutajilipia wenyewe.

Huu ni mwaka wa kumi nashauri wanafunzi wanaotoka Dodoma, Singida na Kondoa kwenda kusoma nje. Maneno hayo nimeyajibu mpaka nimechoka, na bado yanarudi kila msimu wa udahili. Kiwanja cha Iyumbu kikishauzwa hakirudi kwa bei ile. Ndiyo maana leo nayaandika.

"Mwenza akipata visa, anaweza kufanya kazi"

Visa ya mwenza ni ruhusa ya kukaa na mwenzako. Ruhusa ya kufanya kazi ni jambo lingine, na nchi mbili ambako vijana wangu wengi wa udaktari wanakwenda hazimpi mwenza ruhusa hiyo.

China, mwanafunzi wa kozi ndefu anaingia kwa visa ya X1, kisha ndani ya siku 30 anatakiwa awe ameomba kibali cha ukaazi. Mume au mke anayekwenda kukaa zaidi ya siku 180 anaombewa S1, visa ya shughuli binafsi. Haina kazi ndani yake. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Watu wananiambia, "Lakini dada, atakuwa anafundisha watoto Kiingereza nyumbani kwa mtu, nani ataona?" Kufundisha kwa malipo ni kazi. Kusuka wanafunzi wenzenu kwa malipo ni kazi. Na akikamatwa yeye, wewe uliyemwombea visa utaitwa, katikati ya mitihani.

India ni hivyo hivyo. Mwenza wa mwanafunzi anapewa visa ya kuingia, aina ya X, na haruhusiwi kuajiriwa. Akipewa visa ya zaidi ya siku 180, kwa kawaida ana siku 14 tangu afike kujisajili kwenye ofisi ya wageni. Marekani, ukiacha vikwazo vya visa vinavyobadilikabadilika, mwenza wa mwanafunzi mwenye visa ya masomo ya F-1 anapata F-2, nayo F-2 hairuhusu kazi yoyote.

Zipo nchi zinazoruhusu. Australia inampa mwenza saa 48 kwa kila wiki mbili. Canada ilibana masharti Januari 21, 2025, lakini mwenza wa anayesomea shahada ya udaktari wa tiba bado yumo kwenye orodha ya wanaoweza kuomba kibali cha kazi. Tatizo ni kwamba nafasi ya udaktari Canada kwa mgeni ni adimu sana. Ujerumani nayo inaruhusu, ila kwa kawaida mwenza lazima awe amefaulu Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya mwanzo, kabla hajapewa visa, na mwanafunzi mwenyewe anatakiwa aoneshe euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kwenye akaunti maalumu. Hizo ni zake peke yake, za mwenza zinaongezwa juu ya hizo.

Dhana hii imetoka wapi, naijua. Imetoka kwa binamu aliyekwenda Uingereza kusoma uzamili, akamchukua mumewe, mume akafanya kazi ya kutunza wazee, wakajenga nyumba hapa. Ilikuwa kweli. Tangu Januari 1, 2024 mwanafunzi mpya wa Uingereza hawezi kwenda na mwenza isipokuwa anasoma shahada ya juu ya utafiti, kama uzamivu, au amefadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Shahada ya kwanza, na udaktari wa tiba kwao ni shahada ya kwanza, haikuwamo hata wakati binamu alipokwenda.

Hapa lugha yetu inatuponza. Mwaka jana kijana mmoja alikuja na simu mkononi, amesoma mahali kwamba wa "shahada ya udaktari" wanaruhusiwa kwenda na wake zao, naye anasomea udaktari. Walioruhusiwa ni wa uzamivu, wale wanaoandika tasnifu kwa miaka mitatu au minne. Yeye anakwenda kutibu watu. Neno ni moja, visa ni mbili, na nauli ya mke alikuwa ameshailipa.

Nyingine inayofanana na hiyo: "Mke wangu ni muuguzi, hospitali za huko zinahitaji wauguzi." Zinahitaji. Lakini leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania inamruhusu kufanya kazi Tanzania. Ujerumani, kwa mfano, muuguzi wa nje anatakiwa vyeti vyake vitambuliwe kwanza na kwa kawaida awe na Kijerumani cha B2, ngazi ya juu zaidi ya ile A1. Hiyo ni safari ya pekee, inayotaka muda na hela zake. Kama mke ni muuguzi na anaitaka, tumfungulie faili lake, aende kwa jina lake. Huenda yeye ndiye akatangulia.

Turudi kwa tabibu wa Kibaigwa. Nilimwomba arudi Alhamisi na mkewe. Hilo ni sharti langu kwa yeyote aliyeoa au kuolewa: sifungui faili la mwenza mpaka mwenza mwenyewe aketi kwenye kiti hicho na aongee kwa kinywa chake. Wengi huletewa habari ikiwa imeshaamuliwa.

Mke alikuja na kaunta buku yenye jalada jekundu, kona zimelegea, limefungwa kwa mpira wa kufungia hela. Anafanya biashara ya mahindi pale sokoni Kibaigwa. Ananunua kwa wakulima wakati wa mavuno, anahifadhi, anauza bei ikipanda kuanzia Desemba. Nikamwomba afungue ukurasa mpya. Upande mmoja aandike kinachoingia, upande wa pili kinachotoka: ada ya mtoto mkubwa, chakula, dawa za presha za mama mkwe, kodi ya ghala, mikopo ya kikundi. Akaandika taratibu, anahesabu kwa midomo. Alipomaliza aligeuza daftari ili mumewe aone. Mshahara wa mume ulikuwa unalipa mkopo wa benki. Nyumba nzima, pamoja na mama yake mume, ilikuwa inaishi kwenye magunia ya mke.

Akauliza, "Sasa dada, nikienda kukaa naye huko bila kazi, hawa watakula nini?" Mumewe alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia mkewe, "Mama Neema, sikuwahi kuiona hivyo."

Ukurasa huo mmoja unatosha kuliko nusu ya maelezo yangu. Mwenza mnayesema mnakwenda naye ili awasomeshe, mara nyingi anawasomesha akiwa hapa hapa. Mkimpeleka mahali asipoweza kupata hata shilingi, mmekata mkono unaolisha na kuongeza mdomo wa kulishwa. Na udaktari si kozi ya mwaka mmoja. China ni miaka sita ukihesabu na mwaka wa mafunzo hospitalini. Ukirudi una mwaka mwingine wa mafunzo kwa vitendo kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijakupa usajili kamili.

Ushauri wangu haubadiliki: mwanafunzi atangulie mwaka mmoja. Ajue chumba ni bei gani nje ya hosteli, kwa sababu hosteli nyingi za vyuo hazipokei wenza. Ajue soko liko wapi, ajue ratiba yake ikoje. Akifika miaka ya wodini ataondoka alfajiri na kurudi usiku, na mwenza atakaa ndani peke yake katika mji ambao hawezi hata kuulizia chumvi kwa lugha ya watu. Mwenza aje likizo ya kwanza, akae wiki chache, aone kwa macho yake, ndipo waamue. Wapo wanaonikasirikia kwa hili, wananiambia natenganisha ndoa. Nayajua maumivu ya kukaa mbali, sisemi ni madogo. Ila wale waliorudi mwaka wa pili bila ada, wakiwa wameuza kila kitu, ninao watatu, na ndoa moja tu kati ya hizo ndiyo imebaki.

Kama mwenza ni mtumishi wa umma, na hapa Dodoma wengi ndio hao, kuna jambo moja zaidi. Tumezoea uhamisho wa kumfuata mwenza, mwalimu anatoka Mpwapwa anahamia jijini. Huwezi kuhamishiwa Guangzhou. Aombe ruhusa kwa mwajiri kwa maandishi na asubiri jibu la maandishi. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha, na kauli ya "nilimwambia mkuu wangu" haisaidii mbele ya kamati.

"Tumeishi miaka miwili, sheria inatutambua"

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kuwa mume na mke, itadhaniwa kuwa wameoana. Itadhaniwa tu, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu hicho hakiwapi cheti, na dirisha la visa linataka cheti. Fungeni ndoa, bomani, kanisani au msikitini. Kisheria notisi ni siku 21, kwa hiyo msije ofisini kwangu wiki mbili kabla ya safari. Ndoa ya kimila nayo ni ndoa halali, ila isajiliwe. Sheria imewapa siku 30 za kuomba usajili.

"Nijaze kwamba sijaoa, visa itatoka haraka"

Msijaze uongo kwenye fomu. Australia, kwa mfano, inataka umtaje mwenza kwenye maombi ya kwanza hata kama haendi nawe. Ukimficha, njia ya kumwita baadaye inaweza kufungwa. Na siku utakapomwombea visa kwa cheti cha ndoa cha 2021 wakati fomu yako ya baadaye inasema hujaoa, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Kubaki kwa mwenza mwaka wa kwanza na kumficha ni vitu viwili tofauti.

"Aende kwa visa ya utalii, tutaibadilisha tukiwa huko"

Mara nyingi haibadiliki. Aliyeingia Uingereza kama mgeni wa matembezi hawezi kuigeuza akiwa ndani. Visa ya utalii ya mtandaoni ya India haiongezwi wala haigeuzwi kuwa ya aina nyingine. Ya utalii ni ile ziara ya likizo niliyoisema, na tiketi ya kurudi iwe mkononi.

"Mtoto akizaliwa huko atakuwa raia wa huko"

Hili naulizwa kwa sauti ya chini, kwa kawaida na mama mjamzito. China haimpi mtoto wa wageni uraia kwa sababu tu amezaliwa kwao, wala India. Uingereza iliacha Januari 1, 1983. Tangu hapo lazima mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu. Mtoto wenu atakuwa Mtanzania kwa kurithi, mtamwandikisha ubalozini. La kuulizia ni gharama za kujifungua. Bima ya wanafunzi wa kigeni China, yuan 800 kwa mwaka, inamhusu mwanafunzi peke yake. Mama atalipia kliniki, kipimo na wodi kutoka mfukoni, na akifanyiwa upasuaji hela inaweza kuwa ya muhula mzima.

"Cheti tunacho, majina si tatizo"

Ni tatizo. Cheti cha ndoa kina jina la baba yake, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, pasipoti ina majina mawili badala ya matatu. Linganisheni hati zote tatu herufi kwa herufi kabla ya kulipia chochote. Tofauti ikiwa kubwa, hati ya kiapo haitoshi. Itabidi ipatikane hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na pasipoti nyingine ni shilingi 150,000.

Na tafadhali, msivipige vyeti laminesheni. Mama Neema alitoa cha kwao kwenye bahasha Alhamisi ile, amekitunza vizuri tangu siku ya harusi, kinang'aa ndani ya nailoni ngumu. Muhuri haushiki juu ya nailoni, na ukiibandua wino unatoka nayo. Tumeomba nakala iliyothibitishwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ikitoka itapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, Mtumba, kisha ubalozini Dar es Salaam. Hakuna haraka. Mumewe anaondoka Septemba peke yake, na yeye ameniambia ana magunia ya kununua kwanza.